Kompyuta Imemwambia Mgogo Hajui Kuimba

Sogeeni kwenye benchi, jamani, kahawa bado ya moto. Mna habari kwamba siku hizi muziki shule ya msingi unafundishwa na kishikwambi? Msicheke. Sensa ya 2022 ilipokwisha, vile vishikwambi vya makarani si wakagawiwa walimu? Jambo jema, nani atakataa? Ukaja na mtaala ulioboreshwa, ndani yake somo la Sanaa na Michezo: watoto waimbe, wapige ngoma. Mtu mzima ukisikia hivyo unasema alhamdulillahi.

Haya, sasa chungulia dirishani. Watoto wamejaa hadi mlangoni, kishikwambi kimoja. Wa mbele wanaona, wa nyuma wanatazama visogo vya wenzao. Mwalimu kaweka katuni ya Kizungu, ng'ombe wa kuchora anaimba na kukata mauno, watoto kimyaaa, wanatumbua macho. Eti hicho ndicho kipindi cha muziki! Anayeimba ni ng'ombe, mtoto hajafungua kinywa. Na ngoma ya shule? Iko stoo, panya wameanza na ngozi, inatolewa mgeni rasmi akija. Mnh! Nimesonya mpaka meno yameuma.

Si kwamba vitu vizuri havipo. Google wana ile Chrome Music Lab, tangu 2016, na ni ya bure: mtoto anachora kwa kidole, mchoro unageuka kuwa sauti, anaona kabisa ikipanda na kushuka. Kitu kitamu kile, tusiseme uongo. Ila bure ya mtandaoni inakula bando, na bando mwalimu ananunua kwa hela yake. Linakata katikati ya do-re-mi, darasa linabaki linaning'inia kwenye fa. Likipona bando, umeme unaondoka. Ee Mola!

Lakini kilichonimaliza ni hizi programu za kusahihisha sauti. Ukiimba sawa, kijani. Ukikosea, nyekundu. Sasa mkalishe mbele ya programu hiyo mtoto wa Chamwino, kwa watani zangu Wagogo. Kinanda cha ndani ya kompyuta kimekata oktavu vipande 12 vilivyo sawa. Ilimba, kile kinanda cha vidole cha Kigogo, haijui hesabu hiyo. Sauti zake zinafuata zile zinazozaliwa zenyewe uzi ukitetema, na ile ya saba inakaa chini ya kibonye cha kinanda kwa karibu theluthi ya kipande kimoja cha hivyo 12. Ndiyo utamu wenyewe huo! Mtoto anaitoa vilevile alivyoisikia kwa babu yake, mashine inawaka nyekundu. Umekosea, rudia. Loo! Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo mwenyewe, alizunguka dunia na ilimba na zeze lake, Wazungu wakakata tiketi kumsikiliza mpaka alipofariki 2003. Angekaa darasani leo angepewa sifuri na kitu kinachotumia chaja.

Na msiniambie mimi ni mzee nachukia mashine. Kishikwambi hichohicho kina kitufe cha kurekodi, hakitaki bando wala mtaalamu kutoka wizarani. Mwite bibi mmoja wa hapo jirani na shule, aimbe wimbo wake wa kutwanga, watoto wamjibu, rekodi. Wasikilizishe. Mtaona wenyewe vita: huyu anasema wewe ndiye uliyewahi, yule anasema mwenzake kapayuka, wanaomba warudie. Mtoto anayeisikia sauti yake kwa mara ya kwanza anaziba uso kwa aibu, kisha anaimba vizuri kuliko mwanzo. Kuna kufundisha gani zaidi ya huko?

Kuna mwalimu nilimweleza haya, akafurahi, akakitoa kishikwambi palepale ajaribu. Akabonyeza. Kikagoma: kumbukumbu imejaa. Imejaa nini, mwalimu? Akaangalia pembeni. Video za harusi ya shemeji yake, jamani, tangu maulidi mpaka maharusi kukata keki. Nikamwambia basi afute hata moja. Akaniambia subiri kwanza, mama mkwe hajaziona.