Namna ya Kutazama Filamu ya Simba wa Tsavo Ukiwa Kijijini Tulia

Rimoti mpe mzee, hasa aliyewahi kuchunga ng'ombe upande wa mbuga. Simba wa kwanza akitokea, mwache aisimamishe picha awaonyeshe watoto yale manyoya marefu ya shingoni. Simba halisi waliokula watu 1898 hawakuwa nayo. Madume wengi wa Tsavo huwa na shingo kipara. Filamu yenyewe, The Ghost and the Darkness ya 1996, ilipigwa Afrika Kusini kwa simba waliofunzwa.

Michael Douglas akiingia kama mwindaji Remington, nenda jikoni ukapike chai, na tangawizi uiache iive. Hutapitwa na kitu, kwa sababu mtu huyo hakuwepo kabisa. Simba wote wawili waliuawa na Patterson, mjenzi wa daraja la reli, Desemba 1898: mmoja tarehe 9, wa pili tarehe 29.

Zamu ya vibarua ikifika, rudi haraka uongeze sauti, maana filamu inawapitisha mbio. Ungan Singh, jemadari Kalasinga, alikuwa amelala hemani na wenzake simba alipopenyeza kichwa mlangoni akamkamata koo. Patterson anasimulia hayo katika kitabu chake cha 1907, na anataja Wahindi 28 walioliwa. Kuhusu Waafrika anasema tu kwamba walikuwa wengi na serikali haikuweka hesabu yao. Hapo ndipo hasira hunipanda. Mifupa na manyoya ya simba hao, yaliyonunuliwa na jumba la makumbusho la Field huko Chicago mwaka 1924, yalipimwa, na mwaka 2009 watafiti wakakadiria kwamba waliliwa watu 35 hivi. Majina ya watu wetu hayamo popote.

Watoto wakitaka nyingine, wawekee katuni ya Balto ya 1995, ila waambie kwanza yaliyotokea. Mwaka 1925, dawa ya dondakoo ilipelekwa Nome, Alaska, kwa kupokezana: waendeshaji sleji wapatao 20, mbwa zaidi ya 100, kilomita kama 1,085 za barafu. Katuni imemvika mbwa Balto sifa zote na kumfanya nusu mbwa mwitu. Mbwa Togo, aliyeongoza kipande kirefu kuliko vyote, alipata filamu ya jina lake 2019.

Kisha zima televisheni. Muulize mzee, na susu, yaani nyanya, pia, ni nani wa ukoo aliyekwenda kwenye reli asirudi. Kila jina watakalolitaja liandikwe daftarini, pamoja na kijiji alikotoka.