Viazi Vilinitangulia Nairobi

Dada yangu anaishi Dubai, na watu wa Dubai hupima dunia kwa ndege. Aliponikatia tiketi ya Nanyuki hadi kiwanja cha Wilson, Nairobi, alinipigia hesabu kwa simu: angani ni kilomita 140 hivi, dakika 45, umefika. Kwa barabara ni karibu kilomita 200. Nani angebisha?

Shida ni kwamba hesabu hiyo huanzia kiwanjani, nami huanzia Timau. Kwanza boda, kisha matatu isiyong'oka mpaka ijae, na kujaa kwenyewe anaamua makanga. Ukifika Nanyuki bado, maana kiwanja kiko nje ya mji, kusini, kwenye barabara ileile ya kwenda Nairobi. Yaani abiria wa ndege anatoka Timau, anaitwa na wapiga debe, "Nairobi mmoja! Mmoja!", anawatazama kwa huruma ya mwenye tiketi, anavuka ikweta akiwa ndani ya gari, ndipo anashuka kungoja ndege.

Nilibeba gunia la viazi. Mtu wa Timau haendi kwa jamaa mikono mitupu. Lakini ndege hizi ndogo huruhusu kilo 15 tu, tena kwenye begi laini. Binti wa mezani alilitazama gunia, akanitazama na mimi, kama anayejumlisha. Nikampa kijana wa boda alirudishe steji, lipakiwe matatu ya Nairobi kama mzigo.

Ndege ikapaa vizuri, ikaelekea kaskazini. Nikadhani inaukwepa mlima. Kumbe tunapitia Lewa kuchukua watalii, na ukitoka Nanyuki kwenda Lewa, Timau iko njiani. Baada ya asubuhi nzima ya safari, nikachungulia dirishani: plastiki za mashamba ya maua ziking'aa, ngano, halafu bati la nyumba yangu. Naapa nguo nilizoziacha kambani zilikuwa hazijakauka.

Lewa tukawangoja watalii wamalize kuwaaga vifaru.

Sina ugomvi na Bi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha shirika lake la ndege Nairobi mwaka 1929 na ambaye kiwanja kile kina jina lake. Ndege ilitua salama, bila hata mtikisiko. Ila nje kulikuwa na foleni ya Lang'ata Road, na foleni hiyo haiulizi nani katoka angani. Nikiwa humo kwenye teksi, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Nairobi, akapiga simu.

"Mjomba, uko wapi? Viazi vimefika kitambo, Mama ameshavibandika."

Vilikuwa vimepita Karatina, Sagana na Thika, kwa nauli isiyofika hata robo ya yangu.

Wewe unayekaa Timau na umepata tiketi ya ndege, usiulize safari ni dakika ngapi. Uliza ndege ikipaa itaanza kuelekea wapi.