Barua ya Wazi kwa Mtukufu Kompyuta ya Injini

Kwa Mtukufu, ukaaye nyuma ya dashibodi ya gari langu,

Baada ya salamu na taadhima, nakuarifu kwamba taa ya manjano uliyoiamuru iwake tangu bomba la ekzosi lilipotoka kuchomelewa ingali inawaka, na kwamba hukumu yako, P0171, yaani hewa nyingi na petroli haba, imepokewa gereji kwa heshima ipasayo fatwa. Kwani fundi aliyekwisha kushika mashine ya kupimia hainami tena kutazama chini ya gari, maadamu Mtukufu umenena.

Walakini, kwa idhini yako, ushahidi umeupata kwa nani? Kwa sensa ya oksijeni peke yake, isiyopata kuiona petroli hata siku moja, bali hunusa tu oksijeni iliyosalia katika moshi. Na gasketi iliyo baina ya manifoldi na bomba, kabla ya kuifikia sensa hiyo, ilifungwa upande na mchomeleaji mwenye haraka, ikaacha upenyo utoao moshi kwa mshindo na, katikati ya mishindo miwili, ukanyonya hewa ya nje, hata shahidi wako akaapa kwamba injini ina njaa. Nawe, kwa huruma isiyo na uchunguzi, ukaiongezea petroli asilimia 20 na ushei. Injini iliyokuwa ikila kwa kadiri, gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli, ikavimbiwa, plagi zikajaa masizi, nami nikalipa kituoni.

Ilhali asubuhi, chuma kingali baridi, husikika tiki-tiki penye kiungo, sauti ifayo chuma kikishapata moto na kutanuka. Na kando ya gasketi umejichora mstari mweusi, mwembamba kama wanja. Maji ya sabuni yangetoa povu papo hapo. Badala yake nimeuziwa sensa mpya, nayo imesema yaleyale (ni mkweli, maskini), na sasa yanatajwa masega ya kusafishia moshi, yakaayo baada ya sensa, yasikoweza kuidanganya, na ambayo bei yake siiandiki nisije nikawatia watu simanzi.

Sikatai: mpira wa hewa ukipasuka, au pampu ya petroli ikichoka, njaa huwa ya kweli.

Gasketi mpya itafungwa Jumamosi. Ukiona nyongeza yako ya petroli imerejea karibu na sifuri, tafadhali uifute hukumu mwenyewe, pasipo kungoja mtu akuchomolee betri.

Wako mtiifu,
Mnunuzi wa petroli