Heko kwa Gari Linalogoma Taa Zikiwaka

Magari husifiwa kwa mambo mepesi. Hili linakula mafuta kidogo, lile lina nguvu mlimani, jingine halijamwangusha mwenyewe tangu lishuke melini. Hakuna anayelitungia sifa gari lililoegeshwa asubuhi nje ya nyumba, swichi imefunguliwa, taa za dashibodi zimewaka zote, redio inaimba, honi inalia, feni inapuliza, na injini kimya. Gari hilo hutukanwa. Tairi lake lisilo na kosa hupigwa teke, na aliyeliuza huombewa dua mbaya yeye na kizazi chake. Nasema limeonewa. Katika hali zote ambazo gari laweza kumkuta nazo binadamu, hii ya kuwa na umeme na kukataa kuwaka ndiyo inayomlazimisha kufikiri na kumpa pia cha kufikiria. Gari zima halimdai mtu akili, linamdai mafuta tu. Gari lililokufa kabisa, lisilo hata na taa ya mlangoni, limefunga mdomo na halihojiki. Lakini lenye taa na lisilowaka limeshatoa nusu ya ushahidi wake, nalo linangoja kuulizwa nusu iliyobaki.

Swali la kwanza hulikosea karibu kila mtu. Akiona taa, anatoa hukumu papo hapo: betri nzima, si unaona inawasha? Betri ya kawaida ya gari ina vyumba 6, kila kimoja kina volti 2 na kidogo, na ikijaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi. Ikishuka hadi 12 kamili imebakiwa na takriban robo ya chaji yake. Tofauti ni nusu volti na ushei tu. Taa haiioni, redio haiisikii. Stata ndiyo inayoiona. Taa kubwa mbili za mbele huvuta ampea 9 au 10, ilhali stata ya gari dogo huvuta ampea 100 na zaidi, na ya lori la dizeli huvuta mara kadhaa ya hizo. Sasa weka kutu kidogo kwenye kichwa cha betri, ule unga mweupe wenye ukijani, kiasi cha kuleta ukinzani wa omu 0.05. Taa zikivuta ampea 10 zinapoteza nusu volti hapo, hazijali. Stata ikitaka ampea 150, volti 7.5 zinaishia kwenye kutu na zinazobaki hazitoshi kuzungusha injini. Ni tangi la maji juu ya paa lenye bomba lililoziba nusu: kikombe kitajaa, bomba la bafuni halitatoa. Mjerumani Georg Simon Ohm aliichapisha kanuni hii mwaka 1827, na tangu hapo wanafunzi wameikariri, wakafaulu mtihani, wakaisahau. Gari lililogoma humfundisha mtu upya akiwa na miaka arobaini, amevaa suti, na safari hii haisahau tena.

Kanuni ikishaeleweka, mahojiano yanaanza, na hapa ndipo sifa za gari letu zinapokolea. Washa taa za mbele, mtu mmoja asimame azitazame, mwingine apige stata. Taa zikizimika au kufifia hadi kuwa nyekundu, umeme umeitwa na haukutosha: betri imechoka, au vichwa vyake vina kutu, au waya wa hasi unaokwenda kwenye bodi umelegea. Mlio wa ta-ta-ta-ta wa haraka unasema jambo lile lile kwa sauti, maana solinoidi ya stata inavuta, volti zinaporomoka, inaachia, volti zinarudi, inavuta tena. Mlio mmoja mzito, ko!, huku taa zikififia kidogo tu, huielekeza shutuma kwenye stata yenyewe, mara nyingi kaboni zilizolika; ndiyo maana fundi huigonga kwa kiasi, nayo ikazunguka mara moja mbili za mwisho kabla ya kushushwa. Taa zikibaki kali na pasisikike kitu, basi amri haijafika kwenye stata. Huenda fyuzi imeungua, au rilei imekufa, au swichi imelika ndani, au gia ya otomatiki imeachwa kwenye D na gari linafanya lilivyoagizwa na waliolitengeneza: kukataa kuwaka likiwa kwenye gia. Huenda klachi haikukanyagwa hadi chini. Huenda pia ni ile swichi ya siri ya kuzuia wizi, iliyofichwa vizuri hata mwenyewe hakumbuki ilipo. Na stata ikizungusha injini kwa nguvu lakini injini isishike moto, betri imeshasafishwa jina na kesi imehamia kwenye mafuta, cheche au mkanda wa taimingi. Ukifungua swichi bila kupiga stata, katika magari mengi ya petroli pampu iliyo ndani ya tangi hunguruma sekunde 2 hivi. Isiponguruma, umepata pa kuanzia. Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, haraka kuliko siku zote, ondoa mkono kwenye ufunguo, kwa kuwa huenda mkanda umekatika na kila jaribio linaweza kuongeza hasara. Niambieni ni shahidi gani mahakamani anayejibu kwa ufasaha huu.

Watasema hayo ni ya mafundi, mwenye gari hana haja nayo. Pingamizi hili lina nguvu, ila linasahau jinsi pesa zinavyopotea. Anayekwenda gereji na kusema "gari limegoma" amekabidhi pochi. Jumatatu anauziwa betri mpya, Jumatano stata ya mtumba, Ijumaa anaambiwa alteneta nayo ina dalili, na Jumamosi kijana wa gereji ya pili anachukua spana namba 10, anafungua waya wa bodi, anaukwangua, anaukaza, gari linawaka. Fundi wa kwanza si lazima awe tapeli. Aliletewa hukumu badala ya ushahidi, naye akafunga na kufungua vitu mpaka kimojawapo kitii. Fundi mzuri hujulikana kwa swali lake la kwanza: inalia vipi ukipiga stata? Mwenye gari aliyelisikiliza gari lake ana jibu, na jibu hilo, bila yeye kushika hata bisibisi, huokoa bei ya betri. Wala tusidharau umati unaokusanyika, kila mtu na nadharia yake. Katika umati huo huwa yupo anayetaka kusukuma, na katika hali hii moja anaweza kuwa na haki. Gari la kisasa la gia za mkono lenye betri iliyokufa kabisa halisaidiwi kwa kusukumwa, kwa sababu pampu ya mafuta na kompyuta yake vinahitaji umeme kabla ya cheche ya kwanza. Lenye umeme mdogo wa kuwasha taa, lisilo na nguvu ya stata, ndilo linalowalipa wasukumaji jasho lao. La otomatiki halimo katika mapatano haya, na wanaolisukuma wanafanya mazoezi.

Yafaa pia kukumbuka tulikotoka. Kabla ya stata ya umeme dereva alisimama mbele ya gari na kuzungusha mtaimbo kwa mkono, na injini ikirudisha pigo, mtaimbo ulivunja mkono uliousukuma. Mmarekani Charles Kettering, aliyekuwa amekwisha kutengeneza mota ndogo ya umeme ya kuendesha mashine za kuhesabia fedha madukani, aliona kwamba mota ya gari nayo haihitaji kufanya kazi siku nzima. Inatosha iwe na nguvu kubwa kwa sekunde chache kisha ipumzike. Stata yake iliingia katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Tangu hapo gari likikataa humkatalia mtu akiwa amekaa kwenye kiti, mikono salama, kiyoyozi kikimpuliza. Anayelalamika kwa mkataa mpole namna hii angefaa apewe mtaimbo kwa wiki moja. Na wale wanaoshikilia ufunguo nusu dakika nzima wakitumaini gari litaona haya, wanaitaka stata ifanye ambacho haikuumbiwa. Wanaiunguza, kisha wanaisingizia.

Pingamizi kubwa ni la muda: gari hili linachelewesha watu. Ni kweli, lakini tazama linachagua wapi. Injini inayounguruma haiihitaji stata, kwa hiyo ubovu huu hujitokeza gari likiwa limeegeshwa, nyumbani, sokoni, nje ya msikiti au kanisa, palipo na kivuli na majirani. Ubovu mwingine husubiri mteremko wa Kitonga wenye malori mbele na nyuma. Mficha maradhi kifo humuumbua, na gari letu halifichi. Hukohoa siku kadhaa kabla, stata ikizunguka kwa uvivu asubuhi na kupata nafuu mchana, na mwenye kuelewa hupeleka betri ikapimwe, hasa katika miji ya pwani ambako joto huichosha mapema na hewa ya chumvi hula vyuma. Namkubalia mtu mmoja tu: yule aliyezima injini juu ya kivuko cha Likoni, daraja limeshushwa, magari ya nyuma yanapiga honi, na lake linamulika taa zote bila kusogea. Huyo sina la kumwambia. Atalisoma gazeti hili siku nyingine.

Wapo wanaofariji wenzao kwamba magari ya umeme yatatuondolea kadhia hii, kwa kuwa hayana stata wala plagi. Wanaharakisha mazishi. Gari la umeme hubeba betri kubwa yenye volti mamia chini ya sakafu, lakini swichi nzito zinazoiunganisha betri hiyo na mota, pamoja na kompyuta zinazoziamuru, kwa kawaida hutegemea umeme wa betri ndogo ya volti 12, ile ile ya ukoo wa zamani. Ndogo ikichoka, kubwa hubaki imejaa na imefungiwa nje, na gari lenye nguvu ya kusafiri kilomita mamia halitoki getini. Magari ya mseto yameshatuonyesha mchezo huu mitaani kwetu: dashibodi inawaka, neno READY halitokei, na gari halitii. Mwenyewe anafungua boneti, anainama, anaitafuta betri hiyo ndogo kila pembe na kuanza kuamini kwamba imeibwa, wakati katika Prius nyingi za miaka ya 2000 imekaa nyuma, ndani ya buti, na buti lenyewe hufunguka kwa umeme.