Fedha Isiyo na Fedha

Bibi aliponikabidhi kopo la Blue Band lililojaa sarafu za kale, alisema neno moja tu: "Chukua, panya wakipita zinanipigia kelele." Mimi nikasikia, "Chukua mjukuu wangu, umetajirika."

Zilikuwa sarafu 31, nyingi zimefifia zikawa na rangi ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nikaona aibu kupeleka utajiri sokoni ukiwa mchafu. Nikakata ndimu, nikachota majivu, nikatafuta mswaki mkuukuu, nikaanza na ile yenye tundu katikati. Nilisugua tangu adhuhuri hadi adhana ya alasiri. Ikang'aa kama sufuria ya bi harusi, na maandishi yakajitokeza: heller 10, Deutsch Ostafrika, 1911, na herufi A ndogo, maana yake ilipigwa Berlin. Heller! Neno letu "hela" limezaliwa hapo. Nilikuwa nimemshika babu wa hela zote mkononi, tena nimemwogesha.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja anayekusanya sarafu tangu ujana wake. Aliipokea ukingoni, kwa ncha za vidole viwili, kama anayepokea kifaranga cha jana. Akaigeuza. Akanitazama.

"Nani kaiosha hii?"

"Mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umemchuna ngozi, mjukuu wangu."

Kumbe weusi ule niliouondoa kwa saa tatu ndio uliochukua zaidi ya miaka mia kujijenga, na mkusanyaji anaupenda kuliko mng'aro wangu wa ndimu. Mikwaruzo ya mswaki haifutiki, na mwenye lenzi huiona kabla hujamaliza salamu. Kama ni lazima kabisa, maji ya vuguvugu na sabuni laini yanatosha, kisha unaikausha kwa kuigusisha kitambaa bila kusugua. Nikauliza ingepata bei gani kabla ya kuoga na bei gani sasa. "Kabla, tungezungumza," alisema. "Sasa kunywa chai."

Chai niliinywa, akili sikuipata. Wiki iliyofuata nilisikia kwamba nikeli hunaswa na sumaku. Ni kweli. Nikang'oa sumaku kwenye spika mbovu ya redio, nikaanza kuwahoji watuhumiwa. Shilingi ya simba ya 1950 haikushtuka hata kidogo. Nikaitupa upande wa bandia. Shilingi ya 1987, yenye sura ya Rais Mwinyi, ikaruka ikaganda kwenye sumaku. Hiyo nikaifunga kwenye leso na kuilalia.

Ukweli ulikuwa kinyume chake. Sarafu nyingi tunazoziita za nikeli ni shaba robo tatu na nikeli robo moja tu, na nikeli ikichanganywa na shaba kiasi hicho, sumaku haina habari nayo. Hata senti 5 ya Marekani, ambayo wenyewe wameiita nickel tangu 1866, asilimia 75 yake ni shaba. Nyumba nzima imepewa jina la mpangaji wa chumba kimoja. Senti 5 ya Kanada ya 1922 ndiyo nikeli tupu, na hiyo hunasa. Yangu ya 1987 ilinasa kwa sababu ni chuma kilichovishwa nikeli. Nilikuwa nimelalia chuma.

Basi nikamrudia simba wa 1950 kwa unyenyekevu, nikampeleka kwa sonara apimwe, kwani nilishaambiwa kuwa shilingi za zamani za Afrika Mashariki zilitiwa fedha.

"Hii fedha ina fedha?" nikauliza.

"Fedha hii haina fedha."

"Lakini si ni fedha?"

"Ilikuwa fedha. Fedha haikuwemo."

Mteja aliyekuwa nyuma yangu aliaga akaondoka. Mizani nayo ilikuwa haina msaada wowote: yenye fedha na isiyo na fedha zote zina karibu gramu 7.8, na simba ni yuleyule. Nilichohitaji ni kusoma mwaka. Za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Na asiyeuona mwaka vizuri atazame upande wa mfalme: zile za awali zinamtaja pia kuwa mtawala wa India, na baada ya India kujitawala mwaka 1947 maneno hayo yakaondolewa.

Herufi ndogo ndogo ndizo zilizonimaliza kabisa. Kwenye moja niliona H, nikajua ni "halali". Kwenye nyingine, senti 10 ya 1936, nikaona KN, nikawatangazia watu kijiweni kuwa ni Kwame Nkrumah. Ni viwanda viwili vya Birmingham, Heaton na King's Norton. Senti 10 hiyo ilinipa matumaini ya nyumba, maana ina jina la Edward wa Nane, mfalme aliyeacha kiti kabla ya kumaliza mwaka. Mzee akanivunja moyo kwa upole: zilipigwa nyingi, na hadi leo zimejaa. Umri peke yake hauuzi, alisema. Hata shaba za Warumi zipo za bei ya nauli. Anayenunua anauliza zilibaki ngapi, herufi gani, mwaka gani, na je, kuna mjukuu aliyeshika ndimu.

Niliporudi, bibi aliniuliza nimepata nini.

"Chai."

"Na kitafunio?"

"Hapana."

"Basi rudisha kopo. Panya wanapita kimya kimya, silali."

Nikamrudishia sarafu 30. Ile heller 10 naitumia kufungia funguo za nyumba. Tundu lilikuwepo tayari.