Aibu Ndiyo Inayomfuga Kunguni

Msyuuu! Limetupwa tena godoro pale kwenye nguzo ya umeme. Godoro zima, kitambaa hakijachanika, sponji bado imekaza. Limetolewa usiku wa manane ili mwenyewe asionekane. Kahawa haijapoa, kapita kijana na mkokoteni, kalibinyabinya, kaliona zuri, kalipakia. Mzee mmoja hapa kijiweni akamwita: “Mwanangu, hebu geuza uangalie kwenye mshono.” Kageuza. Madoa meusi ya kinyesi cha kunguni, mshono mzima. Kalishusha pale pale.

Aliyelitupa hatumjui wala hatumtafuti. Lakini angelichana kwa kisu na kuandika KUNGUNI kwa mkaa, asingekuwa anamtegea mwenzake. Kwa nini hakufanya hivyo? Aibu. Aibu hiyo inanikera kuliko kunguni mwenyewe.

Tazameni nyumba zetu za kupanga. Vyumba vimepangana korido moja, dari moja, nyaya zinatoboa ukuta hadi ukuta. Wa chumba cha kwanza anapuliza dawa kimya kimya, wasiokufa wanahamia cha pili. Wa cha pili anajikuna, ananyamaza, anasingizia mbu. Baadaye korido nzima haina usingizi, watoto wanasinzia darasani, na hakuna aliyefungua mdomo.

Wanaogopa kuitwa wachafu. Nani kasema? Kunguni hali makombo wala vumbi, anakula damu, na damu ya anayedeki kila siku ni tamu vile vile. Anasafiri kwenye begi, kwenye kochi la mtumba, kwenye tranka la mwanafunzi anayerudi kutoka bweni. Mwaka 2023 jiji la Paris lilikuwa na taharuki kwa ajili yake, mwaka mmoja kabla ya Olimpiki, na wakala wa serikali ya Ufaransa ulitangaza kwamba zaidi ya 11% ya kaya za nchi hiyo zilikumbwa naye kati ya 2017 na 2022. Sasa wewe wa uswahilini unajificha nini?

Na ubaya wa kujificha ni kwamba huulizi. Unanunua kichupa kisicho na lebo barabarani, kumbe ni dawa ya shambani, unaimwaga kwenye godoro, jioni unamlaza mtoto juu yake. Jamani! Kuna na wanaotega vidonge vya kuhifadhia nafaka chini ya kitanda. Vidonge vile vya fosfidi vikipata unyevu vinatoa gesi ya fosfini, gesi haijui mpaka wa chumba, na imeshaua watu waliolala chumba cha jirani. Kunguni anawasha, anakukosesha usingizi, lakini haijathibitika kwamba anaambukiza watu maradhi. Unakimbiaje muwasho uingie kaburini?

Tena dawa nyingi ameshazizoea. Mwaka 2002 watafiti waliandika kuhusu vijiji vya Tanga vilivyotumia vyandarua vyenye dawa kwa miaka. Mwanzoni kunguni walitoweka, baadaye wakarudi, na walipopimwa walikutwa na usugu kwa dawa za kundi lile lile. Chandarua lakini usikivue kwa hasira, malaria haijaondoka.

Kinachomuua bila ubishi ni joto. Nyuzi joto 55 zinammaliza yeye na mayai yake kwa muda mfupi. Kwa hiyo mashuka, foronya, mapazia na nguo zilizo karibu na kitanda ziloweke kwenye maji ya moto sana, kisha zipige pasi. Kitanda kitoe nje, kifungue chote. Mimina maji yanayochemka kwenye chaga, kwenye maungio, kwenye matundu ya misumari, maana mchana ndimo anamojibana. Godoro la sponji halichemshiki, basi sugua mishono kwa brashi ngumu, kisha livishe mfuko mzima wa plastiki usio na tundu, zipu ifunge hadi mwisho, na usiuvue mapema, kwa sababu anaweza kukaa miezi bila kula. Kulianika juani peke yake hakutoshi. Juu panaungua, yeye anashuka upande wa kivuli.

Halafu rudia. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Mayai huanguliwa kwa siku 6 hadi 10 hivi, na jike mmoja anaweza kutaga 200 au zaidi maishani mwake. Ukifanya kazi Jumamosi moja ukatulia, wiki inayofuata wadogo wametoka wanatafuta damu. Wiki hadi wiki, mpaka zipite wiki kadhaa hujaona doa jipya kwenye shuka jeupe.

Na kazi hiyo ya chumba kimoja ni bure kama jirani hajui. Mwenye nyumba naye asijifanye hayamhusu: nyufa za ukuta ni zake, azizibe. Ukihitaji mpuliza dawa, aje mwenye leseni, apige nyumba nzima siku moja, na mchangie wote.

Basi dada wa chumba cha tatu, kaka wa uani, Jumamosi hii gongeni milango muulizane. Anayejikuna aseme, na atakayemcheka tumkemee hapa hapa kijiweni.