Fizikia ya Mpemba na Sambusa za Ijumaa

Barua ya mwalimu ilifika imekunjwakunjwa ndani ya kopo la chakula, na doa la siagi ya karanga juu yake. Kila mwanafunzi wa darasa la nane achague jaribio moja la fizikia, jepesi, la vitu vya nyumbani tu, wazazi wasiingie gharama. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: volkano ya siki na magadi hairuhusiwi. Hapo nilimwonea huruma. Ukumbi wa shule, joto la Durban la mwezi wa pili, na kila meza inatema siki! Tena ile ni kemia.

Lakini mwalimu yule hajawahi kufika kwetu Umbilo. Angefika angejua kwamba nyumbani hakuna vitu vya nyumbani. Kuna vitu vya mama, vitu vya bibi na vitu vya mdogo wa binti yangu, na kila kimoja mwenyewe yuko macho.

Binti yangu alianza na betri ya ndimu. Ndimu moja ukiichoma msumari wenye zinki upande mmoja na shaba upande wa pili, inakupa umeme usiofika volti moja. Kitaa kidogo cha LED kinataka kama mbili, kwa hiyo unaunganisha ndimu tatu au nne. Misumari ya bati tulikuwa nayo. Shaba pia: zile sarafu za senti tano zilizopakwa shaba, ambazo Afrika Kusini iliacha kuzitengeneza mwaka 2012, na tangu hapo zimelala kwenye makopo ya kila jiko. Tatizo likawa ndimu. Zilikuwa za achari.

"Zikishachomwa misumari nani atazila?" mama yao akauliza.

Kisayansi hoja hiyo haina jibu. Zinki huyeyukia ndani ya ndimu, na ndimu ya jaribio hailiwi. Ndimu zikarudi kapuni.

Ikaja zamu ya penduli. Uzi wa mita moja, kufuli la geti, fremu ya mlango wa jikoni. Raha ya penduli ni kwamba uzito wake haujalishi: ufunge kufuli au ufunge kiazi, uzi wa mita moja utakwenda na kurudi kwa sekunde mbili hivi. Kwenda peke yake ni sekunde moja. Bibi yao, mama mkwe wangu, alitokea na sinia la chai wakati kufuli linakwenda. Sekunde moja baadaye, kama sheria inavyotaka, tulikuwa tunaokota vigae. Bibi hakusema neno. Alikaa kwenye kiti, akaomba kufuli lake, akaliweka mfukoni.

Ndipo nilipoingia mimi.

Mimi ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga akiulizwa jaribio la maziwa na friza hana haja ya kufikiri. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mpemba akaona akisubiri yapoe atakosa, akayasukuma ndani yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia baridi. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Wauza aiskrimu wa Tanga mjini wao hawakushangaa. Walikuwa wakiweka ya moto siku zote, maana huganda upesi.

Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne. Mpemba akamuuliza swali lilelile mbele ya wenzake, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar, akampa fundi wa maabara kazi ya kujaribu, na fundi akaleta jibu kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila asiwe na wasiwasi, ataendelea kurudia mpaka matokeo yawe sahihi. Nampenda sana fundi huyo. Mwaka 1969 Osborne na Mpemba wakachapisha makala yao, na leo dunia nzima jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba.

"Baba, mwalimu alisema jepesi," binti yangu akaniambia.

"Maziwa na friza. Kuna jepesi kuliko hilo?"

Friza yetu ni ya zamani, ile inayojijengea ukuta wa barafu. Siku ya Alhamisi huwa imejaa sambusa za mke wangu, za wateja wake wa Ijumaa karibu na Msikiti wa Juma, kwenye mtaa ambao bango linasema Dr Yusuf Dadoo na watu wanasema Grey. Jaribio lilikuwa la Alhamisi. Tulipata nafasi ya bakuli mbili juu ya barafu, kandokando ya sinia. Sababu mojawapo inayotolewa na wataalamu ni kwamba chombo cha moto huyeyusha barafu iliyo chini yake, kikagusana na chuma chenyewe na kupoa upesi. Naithibitisha. Bakuli ya moto iliyeyusha barafu, ikazama, ikainama kwa heshima, ikamwaga maziwa matamu juu ya sambusa za nyama.

Tukarudia mama yao akiwa msikitini. Safari hii bakuli ya baridi ililiwa na mdogo wa binti yangu kabla ya kupimwa. Ilikuwa 2023, mwaka wa mgawo mkali wa umeme, kwa hiyo jaribio lililofuata liliganda nusu, likayeyuka, likaganda tena, na hakuna aliyejua bakuli ipi ilikuwa ipi.

Katikati ya hayo binti yangu akasoma kwamba mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima kwa makini wakasema hawakuona maji ya moto yakitangulia. Akaniletea simu nisome. Nikamwambia hao hawajawahi kununua aiskrimu Tanga.

Ripoti aliiandika mwenyewe, usiku, kwa mshumaa. Kwenye matokeo aliacha jedwali tupu. Kwenye vyanzo vya makosa akajaza ukurasa mzima: joto la jiko, barafu ya friza, ratiba ya mgawo, mdogo wangu, kijiko cha mdogo wangu, sambusa, baba. Mwalimu alimpa alama nyingi kwa ukurasa huo, na pembeni, kwa wino uleule mwekundu, akauliza sambusa ni za nyama tu au za mboga zipo. Sasa kila Alhamisi kuna sinia la chumba cha walimu, na mimi friza siruhusiwi kuigusa.